Ukoko wa viazi vya sikukuu: unavyotengenezwa, na kwa nini hufia ndani ya hotpoti

Karibu kila anayeoka viazi kwa ajili ya Krismasi, Idi au sherehe ya kipaimara ana lalamiko moja: vilitoka jikoni vikiwa vizuri, vikafika mezani vimelegea. Mwingine anasema havikuwahi kukauka hata ndani ya oveni. Vilipauka, vikanywa mafuta, vikagandia trei. Na akiomba ushauri ndipo anapochanganyikiwa zaidi. Huyu anamwambia aanze na maji baridi, yule anasema maji yachemke kwanza. Huyu samli, yule alizeti. Yupo wa kutia unga, yupo wa kutia siki, yupo wa kutia magadi. Ushauri huo karibu wote una ukweli ndani yake, ila kila mmoja unahusu kiazi fulani, jiko fulani na saa fulani ya kula. Ukishaelewa kinachotokea kwenye milimita chache za juu za kipande cha kiazi, unaweza kuupima mwenyewe na kuchukua unaokufaa.

Msimamo wangu nautaja mapema. Sehemu kubwa ya kazi ya kukausha viazi hufanyika kabla havijaingia kwenye oveni, na sehemu inayobaki huharibiwa baada ya kutoka. Oveni yenyewe hulaumiwa kupita kiasi.

Tuanze na hesabu ya maji. Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo kilo 2 za viazi hubeba maji karibu kilo 1.6. Maji yakiwa bado yapo juu ya kiazi, joto la sehemu hiyo halipandi kupita kiwango cha kuchemka, hata kama oveni iko nyuzi 220, kwa sababu joto linaloingia linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo ni ghali: kugeuza gramu 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula joto karibu mara 7 ya lile lililoyapandisha kutoka nyuzi 20 hadi 100. Rangi ya dhahabu na ile harufu ya kuokwa huanza kuja kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Huo ni mmenyuko kati ya sukari na asidi amino ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, na ndio unaoipa rangi nyama choma, mkate na kahawa. Basi kiazi kinachoingia kwenye oveni kikiwa kimelowa kinatumia nusu saa ya kwanza kujichemsha chenyewe. Kikija kukauka, ndani kimeshachoka.

Kukauka peke yake hakutoshi, hata hivyo. Kiazi kilichokatwa kwa kisu kikali kikaokwa kikiwa kibichi hupata ngozi nyembamba inayovutika kwenye meno. Gamba linalovunjika kwa mlio hutokana na wanga ulioiva. Chembe za wanga wa kiazi zikikutana na maji ya nyuzi 60 hadi 70 hufyonza maji, huvimba, hupasuka na kuwa uji mzito. Uji huo ukiwa umepaka juu ya kiazi, kisha ukakaushwa kwa mafuta na moto mkali, hugeuka gamba. Aliyewahi kugombania ukoko wa wali chini ya sufuria anajua habari hii tayari: wanga ulioiva, ukagusa chuma chenye moto na mafuta kidogo, ukapoteza maji yake. Kiazi cha kuoka kilichofaulu ni kiazi chenye ukoko pande zote.

Kiazi gani?

Uingereza, ambako viazi vya kuokwa kando ya bata bukini au bata mzinga ni sehemu ya heshima ya meza ya Krismasi, mpishi makini hachukui kiazi chochote. Hutafuta Maris Piper, aina iliyotoka kwenye kituo cha uzalishaji wa mimea cha Cambridge na kuanza kulimwa mwaka 1966, au King Edward, iliyoingia sokoni mwaka 1902 na kupewa jina la mfalme aliyetawazwa mwaka huo. Kinachofanya aina hizo zipendwe ni wanga mwingi na maji kidogo, na seli ambazo kiazi kikiiva huachana na kuwa unga unga. Viazi vyenye maji mengi hubaki vimeshikana na kung'aa hata baada ya kuiva. Ni vitamu kwenye mchuzi na saladi, ila uso wao hauchakai, na uso usiochakaa hauna uji wa kugeuka ukoko.

Sokoni kwetu kiazi mara nyingi hakina jina. Unakuta fungu, sado au ndoo, na muuzaji anakwambia mzigo umetoka Njombe, Mbeya au Lushoto. Kenya walau jina la Shangi linajulikana kila gulio, kiazi kinachoshuka kutoka Nyandarua, Nakuru na Meru, kinachoiva haraka na kinachochipua haraka vile vile. Dutch Robijn, chenye ganda jekundu, ndicho kilichozoeleka kwenye viwanda vya krips kwa sababu hakina maji mengi. Ukikipata kwa ajili ya oveni, kichukue.

Kama jina halipo, pima. Koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji hadi iyeyuke, kisha tumbukiza kiazi kizima kilichooshwa. Kiazi chenye wanga mwingi ni kizito kuliko maji hayo, kwa hiyo huzama. Kikielea, kipeleke kwenye mchuzi wa nyama na usihangaike nacho. Ni kipimo cha kizamani na kinanifurahisha kwa sababu hakihitaji kumwamini mtu.

Kipimo kingine ni cha dole gumba, na hiki unakifanya mbele ya muuzaji. Sugua ganda kwa nguvu. Likivuka kama vile umelimenya, kiazi hicho kimeng'olewa kabla ya kukomaa. Bei ikiwa nzuri wapo wakulima wanaowahi soko, na huwezi kuwalaumu. Lakini kiazi kichanga kina wanga pungufu na sukari ya ziada, hivyo kitapata rangi nyeusi mapema huku ukoko haujakaa. Ukiona ukijani kwenye ganda, kata sehemu hiyo yote kwa kina, na kikiwa kimeenea kijani au kikionja uchungu kitupe. Ni dalili ya kuwepo kwa solanini na jamaa zake, sumu ambazo moto wa jikoni hauziondoi.

Usivinunue mapema ukavilundika kwenye friji. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 6 hivi kiazi huanza kugeuza wanga wake kuwa sukari, na vikiokwa huungua rangi kabla ya wakati. Pembe ya stoo yenye giza na hewa inatosha.

Sufuria ndiyo inayoamua

Hapa ndipo ningependa utumie umakini wako wote.

Menya, kisha kata vipande vya ukubwa wa yai la kuku, ukikata kwa mshazari ili kila kipande kiwe na pembe na kingo kali. Kingo ndizo zinazochakaa kwanza na ndizo zinazoota ukoko mnene. Vipande vidogo mno vitakauka mpaka kiini. Vikubwa mno vitakuwa na ukoko mchache kwa kila tonge.

Sasa ule ubishi wa maji baridi na maji ya moto. Pande zote mbili zina haki, ila zinazungumzia viazi tofauti. Kiazi kizima au kipande kikubwa kikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, nje hupondeka ndani kukiwa bado kugumu, kwa hiyo maji baridi humfaa mwenye viazi vizima. Lakini kuna jambo jingine linaloendelea kwenye maji yanayopata moto polepole. Seli za kiazi zimeunganishwa na pektini, na ndani ya kiazi mna kimeng'enya ambacho kwenye nyuzi 55 hadi 65 huifanya pektini hiyo ishikane zaidi kwa msaada wa kalsiamu. Kiazi kilichopita taratibu kwenye joto hilo hukataa kuchakaa hata ukikichemsha muda mrefu. Kwa saladi ni neema. Kwa viazi vya kuoka ni hasara, maana tunataka uso uchakae. Vipande vya ukubwa wa yai ni vidogo kiasi cha kuiva sawasawa, kwa hiyo viingize kwenye maji ambayo tayari yanachemka na yana chumvi ya kutosha, kijiko 1 cha mezani kwa lita 2.

Magadi nayo yana mantiki yake. Pektini huvunjika haraka kwenye maji yenye alikali na huvunjika pole pole kwenye maji yenye asidi. Bibi zetu walilijua hilo kwa vitendo: kande au maharage magumu huwekewa magadi kidogo yakaiva upesi, na mpishi anayetia nyanya au limau mapema kwenye maharage hukesha jikoni. Kwenye viazi tunataka athari hiyo hiyo juu tu, wala siyo hadi kiini. Nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kwenye lita 2 za maji kinatosha kabisa. Uso wa kiazi utalainika na kutoa uji mwingi, na alikali kidogo inayobaki itasaidia pia rangi kuja mapema kwenye oveni. Ukizidisha, viazi vitaonja sabuni na kuwa na umanjano mbaya. Magadi ya asili ningeyaacha: nguvu yake hutofautiana bonge kwa bonge, na yale yanayochimbwa kando ya maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi, jambo ambalo meno ya watu wa maeneo hayo yamelishuhudia.

Na siki? Siki inafanya kinyume: inashikilia uso wa kiazi usiachane. Wenye kukaanga chipsi nyembamba wanaipenda kwa sababu chipsi hazivunjiki kwenye maji. Kwa viazi vya kuoka usiitie.

Muda wa kuchemsha unategemea unaishi wapi, na hili halitajwi kwenye mapishi mengi kwa sababu yameandikwa na watu wa nchi tambarare. Kiwango cha kuchemka cha maji hushuka nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi unazopanda. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi ni kama nyuzi 94. Njombe, iliyo karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kama 93. Maji yanaruka na kutoa povu vile vile, lakini yana joto pungufu, na kuiva kwa kiazi kunachelewa. Dakika 10 za pwani zinaweza kuwa 14 au 15 za nyanda za juu. Kwa hiyo angalia kiazi, usiangalie saa. Ncha ya kisu iingie katikati bila kusukumwa, na kingo ziwe zimeanza kupoteza ukali wake.

Chuja mara moja. Rudisha viazi kwenye sufuria ile ile tupu, juu ya moto mdogo kabisa, dakika 2 hivi, ukitikisa taratibu. Utaona mvuke unapanda kwa wingi, kisha unapungua. Mvuke huo ni maji ambayo oveni yako haitalazimika kuyafukuza. Ukisikia viazi vimeanza kunong'ona chini ya sufuria, zima moto, funika, shika vizuri masikio ya sufuria na utikise kwa nguvu, juu chini, mara nane au kumi.

Fungua uchukue kipande kimoja ukitazame kwa karibu. Pembe zimeviringika. Uso umekuwa na vinyweleo vyeupe, na kati ya vinyweleo hivyo kuna utando wa uji mzito unaong'ang'ania kidole. Kipande kikiwa bado kina uso laini unaoteleza, hakikuiva vya kutosha. Kirudishe kwenye maji na wenzake kwa dakika 3. Watu wengi huogopa hatua hii, wanadhani wameponda viazi. Vipande viwili vitatu vikivunjika si neno, hivyo ndivyo vitakavyogombaniwa.

Vitandaze kwenye sinia pana, visigusane, uviache vipoe bila kufunikwa. Juu hukauka zaidi, na wanga ulioiva, ukipoa, hujipanga upya na kukaza kidogo. Utando unakuwa tayari kuwa gamba. Nusu saa inatosha. Usiku mzima ndani ya friji bila kifuniko ni bora zaidi. Friji sasa haina madhara, kwa kuwa kiazi kilichochemshwa hakitengenezi tena sukari.

Kama ulichopata sokoni ni kiazi cha maji mengi na sikukuu ni kesho, msaada upo: nyunyizia kijiko 1 kikubwa cha unga wa mchele au wa muhogo kwa kila kilo, kabla ya kutikisa. Unafanya kazi ya wanga uliokosekana. Unga wa sembe unatoa ukoko wa chenga chenga ambao wengine wanaupenda. Kwa kiazi kizuri sioni haja ya unga wowote.

Mafuta, chuma na nafasi

Mafuta yana kazi mbili: kupeleka joto la trei kwenye kila tundu la uso uliochakaa, na kutoa ladha. Kwa kazi ya kwanza yanapaswa kuvumilia nyuzi 200 na kitu bila kutoa moshi. Alizeti iliyosafishwa kiwandani inavumilia. Samli inavumilia zaidi, na ladha yake kwenye viazi vya sikukuu naipenda kuliko zote. Alizeti ya kukamua ya Singida au Dodoma, ile yenye harufu yake na masimbi chini ya dumu, ina ladha nzuri sana kwenye mboga, lakini ni ghafi: hutoa moshi mapema, na masimbi yale huungua na kuacha uchungu. Siagi na majarini zina maji ndani yake, na siagi ina protini za maziwa zinazoungua. Kama unaitaka harufu ya siagi, tia kijiko mwishoni kabisa.

Waingereza husifia mafuta ya bata bukini na ya ng'ombe, na wana haki. Ukibanika ng'ombe au ukioka kuku wa kienyeji, kinga mafuta yake uyatumie. Ya mbuzi na ya kondoo nayaonea shaka kwa mlo wa sikukuu, maana watu huhudumiwa kwa zamu na chakula hupoa. Mafuta hayo huganda mapema na kufunika ulimi.

Kwa kilo 2 za viazi, mimina nusu kikombe cha mafuta kwenye trei nzito ya chuma, uiingize kwenye oveni ya nyuzi 220 mpaka mafuta yawe membamba na yatembee upesi ukiinamisha trei. Weka viazi kimoja kimoja. Kila kimoja kinapaswa kuchachatika kinapogusa. Chachato hilo linamaanisha uso umeanza kukauka papo hapo, na kiazi hakitagandia. Vigeuze vipate mafuta pande zote, kisha vipange vikiwa na nafasi ya kidole kati yake.

Hiyo nafasi ndiyo inayodharauliwa zaidi siku ya sikukuu, kwa sababu wageni ni wengi na trei ni moja. Viazi vikibanana, mvuke wa hiki unamlowesha yule. Bora uoke kwa awamu mbili kuliko kujaza. Trei ya kina kirefu nayo hufungia mvuke. Chagua yenye ukingo mfupi.

Usiviguse dakika 20 za kwanza. Ukoko ukikomaa hujiachia wenyewe kutoka kwenye chuma, na ukiulazimisha kwa mwiko unaubakiza kwenye trei. Baada ya hapo geuza kila baada ya dakika 15. Jumla ni dakika 45 hadi saa 1. Oveni nyingi za gesi majumbani kwetu hutoa moto chini tu, kwa hiyo zungusha trei nusu duara katikati ya safari, na nusu saa ya mwisho ipandishe juu. Vikaangio vya hewa ya moto vinavyouzwa sana siku hizi hufanya kazi hii vizuri mno kwa familia ndogo, sababu feni yao inaondoa mvuke muda wote. Kwa watu ishirini utachoka.

Asiye na oveni asijione amekosa. Moto wa juu na chini, kama wa mkate wa kumimina, unatosha: sufuria nene au karai juu ya makaa machache, mafuta yashike moto, viazi safu moja, kifuniko cha bati, makaa mengi juu yake. Tofauti na mkate ni kwamba hapa mvuke lazima utoke, kwa hiyo kiegemeze kifuniko kwenye kijiko ili kuwe na upenyo upande mmoja, na kila baada ya dakika 10 kiinue kabisa upanguse matone yaliyoning'inia chini yake.

Kitunguu saumu, rosemari, pilipili na bizari vyote vina mahali pake, lakini kitunguu saumu kilichokatwa kinaungua ndani ya dakika chache kwenye joto hili. Kipashe pembeni kwenye mafuta kwa moto mdogo, kichuje, yatumie mafuta hayo, na vipande vyake virudishe viazi vikishatoka. Limau na ukwaju ni vya kwenye sahani. Chumvi ya mwisho nyunyiza viazi vikiwa vimetoka sasa hivi, mafuta yakiwa bado yanametameta juu.

Na rangi? Simama kwenye dhahabu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyookwa au kukaangwa kwa joto kali hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na kadiri chakula kinavyokuwa cheusi ndivyo inavyoongezeka. Hakuna haja ya kuogopa kiazi cha sikukuu. Kile kilichokuwa kahawia nzito, hata hivyo, hakina utamu wa kumfanya mtu akitetee.

Hotpoti

Tumefika kwenye kilio cha mwanzo. Kwenye shughuli zetu chakula hupikwa tangu alfajiri, hufungiwa kwenye hotpoti, na watu hula saa 8 mchana, wakati mwingine saa 9, baada ya ibada, picha na salamu za wazee. Pilau inafurahia hotpoti. Viazi vyenye ukoko vinakufa humo, na sababu ni ile ile tuliyoianza nayo.

Ukoko ni gamba kavu la chini ya nusu sentimita juu ya kiini ambacho bado kimejaa maji. Kiazi kikiwa wazi, mvuke wa kiini unapita kwenye gamba na kupotelea hewani. Ukikifungia, mvuke hauna pa kwenda. Unajaza chombo, unagusa kifuniko, unakuwa matone, unarudi. Wanga mkavu hunywa unyevu huo kwa pupa, na ukishaunywa unaacha kuvunjika na kuanza kuvutika. Dakika 10 zinatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Karatasi ya foili juu ya sinia inafanya vivyo hivyo, na bakuli la udongo lenye kifuniko pia. Rundo refu kwenye sinia lina tatizo hilo kwa kiasi: vya chini vinachemshwa na vya juu.

Dawa yake ni kupanga siku upya, viazi viwe vya mwisho kutoka jikoni. Jioni ya kuamkia sikukuu menya, chemsha, tikisa, vipoze, uviingize kwenye friji wazi. Asubuhi, nyama ikitoka kwenye oveni ili ipumzike, viazi viingie vioke dakika 30, mpaka vimeshika ukoko mwembamba wa rangi ya majani makavu. Vitoe. Hapo vinaweza kungoja kwenye sinia bila kufunikwa, ila visizidi saa 2 kwenye joto la kawaida, hasa pwani. Mgeni rasmi akikaribia kuosha mikono, vinarudi kwenye oveni yenye moto mkali dakika 20. Mzunguko huu wa pili hauvinusuru tu. Unavinenepesha ukoko, maana vimepoteza maji mara mbili.

Kama jiko liko mbali na ukumbi na lazima visafiri, vipeleke kwenye kikapu cha ukindu au ungo uliotandikwa kitambaa kikavu cha pamba, juu wazi. Vitapoa, kweli. Kati ya kiazi vuguvugu chenye ukoko na kiazi cha moto kilicholegea, naamini wageni wako watachagua kile cha kwanza, na watoto watakuwa wameshachagua kabla yao. Mchuzi wa nyama uhudumiwe pembeni, kila mtu ajimiminie mwenyewe.

Vikibaki, viweke kwenye friji siku hiyo hiyo. Kesho yake usivipashe kwenye mikrowevu: inachemsha maji ya kiini na kuyasukuma nje huku uso wenyewe haukauki, na unapata kiazi cha moto chenye ngozi ya mpira. Tumia kikaango kizito na kijiko 1 cha samli, moto wa wastani, bila kifuniko, dakika 8 hadi 10, ukivigeuza mara mbili. Vikikatwa katikati kwanza hupata uso mpya wa kushika ukoko, na vinakwenda vizuri sana na mayai na kachumbari.